Ubongo Wangu Ukutani

Jumatatu, 4 Machi
Dada yangu katoka tena gazetini! Anapiga picha za ubongo wa watu wenye sonona, anazilinganisha na za wasiougua. Mama aliugua sonona miaka nenda rudi, mtaa mzima ukimwita mvivu. Dada hakusahau. Najivunia mpaka basi.

Ila kuna jambo linaniuma. Kati ya wasiougua amemchukua shemeji, kaka wa mke wangu. Sasa kila akija kwetu anajipapasa kichwa, eti utafiti umemkubali. Mke wangu anamsifu. Mimi nimekaa tu kama stuli!

Jumatano, 6 Machi
Nimembembeleza dada, kakubali. Akaniambia nilale tuli ndani ya mashine. Rahisi! Nikawaza mambo mazito ili ubongo utoke mnene. Kisha nikainua kichwa kumuuliza naendeleaje. Nikauliza tena. Na tena. Akanitoa taratibu, akasema picha zote zimevurugika, niende nyumbani nikapumzike. Hakunigombeza hata. Moyo gani ule!

Ijumaa, 8 Machi
Nimempelekea dada chakula. Mgonjwa mmoja, mama fundi cherehani, alimuuliza kama picha imeonyesha ana wazimu. Dada akaketi naye, akamweleza kwamba picha ya mtu mmoja haisemi kitu, mpaka ziwekwe za wengi pamoja. Ila ugonjwa wake ni wa kweli, si uvivu. Yule mama akalia. Nami nikalia, nikimkumbuka mama yetu.

Dada alipomsindikiza, nikaona picha mezani. Tarehe: Jumatano. Siku yangu! Duara safi, halina hata kunjo moja. Kumbe dada alinificha nisije nikavimba kichwa. Nikaichomoa.

Jumapili, 10 Machi
Nimeitundika sebuleni. Shemeji akaikodolea macho, akakiri kwa unyonge kwamba wake una makunjo chungu nzima. Pole yake! Mke wangu alipomimina chai, alianza na mimi.

Mara dada akaingia. Akaitazama picha, akakimbilia jikoni. Nikamkuta anacheka mpaka machozi. Akaninong'oneza kwamba ile ni picha ya chupa ya maji, wanayoijaribia mashine kila asubuhi. Mbele ya watu hakusema neno. Dada wa dhahabu! Akaniomba niirudishe kesho. Nikaapa.

Shemeji alipokuwa anaaga akanivuta pembeni. Na yeye anataka ubongo laini kama wangu. Nimemwambia aniachie mimi. Kesho narudisha hii moja, naondoka na mbili.