Kuhusu Bibi Yangu Kuyakataa Masharti Ambayo Ofisi Yako Imeyakubali

Gent, Jumatano mchana

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Ushindani wa Haki,
Brussels.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mafaili mezani pako yamepungua. Mimi ni Fenne Dhondt, mwanafunzi wa sekondari hapa Gent. Nakuandikia kumshtaki bibi yangu mzaa baba, Godelieve, kwa kuudharau uamuzi wako.

Ofisi yako iliikuta kampuni kubwa ya programu na hatia ya kuficha jinsi kompyuta zake zinavyozungumza, ili programu za wengine zisielewane nazo. Mkaiamuru ifungue siri hiyo. Ikaifungua, ila kwa leseni: atakayesoma nyaraka zake asimwonyeshe mtu maandishi ya programu atakayoiandika. Mkasema amri imetekelezwa.

Shangazi yangu Reinhilde na wenzake huandika programu huria, ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuinakili na kuirekebisha. Ndiyo inayoziwezesha kompyuta kuukuu za shule yetu kufungua kazi zetu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta kuu ya kampuni hiyo. Sasa kampuni inabadilisha jinsi kompyuta zake zinavyozungumza. Shangazi asipopata nyaraka mpya, ifikapo Pasaka chumba chetu cha kompyuta kitafungwa. Akisaini leseni, hawezi kuonyesha alichoandika. Asipokionyesha, si programu huria tena. Nilimuuliza ni nani wengine wanaoshindana na kampuni hiyo.

"Hakuna, mwanangu," akasema. "Ni sisi tu."

Hapo nikaiona akili iliyotumika. Mlango umefunguliwa kwa watu wote, isipokuwa yule mmoja aliyekuwa akipiga hodi. Nikaamua kujifunza kwenu.

Nyumbani kwetu ni mimi peke yangu niliyefundishwa na Bibi kupika lukken, vile vibiskuti vyembamba vya mwaka mpya vinavyobanwa kwenye chuma cha moto. Mdogo wangu Jorre alitaka kuvipika kwenye kibanda cha skauti sokoni. Desturi yao ni kubandika maelezo ya upishi pale mezani, mpita njia asome na atie neno lake. Nilikataa kumfundisha. Bibi akaamua, "Utamfundisha mwenzio, na leo hii hii." Nikatii papo hapo, kwa masharti machache:

1. Jorre asimwambie mtu alichojifunza.
2. Asipike penye dirisha wazi, kwa kuwa harufu nayo ni maelezo.
3. Kila mlaji asaini kwanza kwamba hatajaribu kujua anatafuna nini.
4. Jorre akigundua njia bora ya kupika, ugunduzi huo ni wangu.

"Sasa dada, kibandani nikafanye nini?" akauliza. Nikamweleza kwa adabu kwamba yuko huru kabisa kupika popote, isipokuwa kibandani.

Mheshimiwa, makosa ya Bibi ni haya.

Kwanza, aliyasoma masharti yangu akiwa amesimama na kuyamaliza kahawa yake ikiwa bado ya moto. Ofisi yako ilihitaji miaka. Haraka kama hiyo haiwezi kuwa ya kisheria.

Pili, hakunipa nafasi ya rufaa. "We Fenne! Nimekwambia umfungulie mwenzio mlango. Umefungua, kisha umeburuta kabati ukaliweka pale pale mlangoni. Unanifanya mimi mtoto?" Akayatia masharti kwenye jiko la kuni.

Tatu, nilipomwambia kwamba Brussels wanayakubali, alicheka mpaka akatafuta kiti. "Basi waambie waje hapa niwalee upya." Hilo ni tusi kwa taasisi.

Nne, na hili ndilo zito, alichukua chuma chenyewe akamkabidhi Jorre. Hebu fikiria, Mheshimiwa, kama kampuni ile ingetendewa hivyo. Ingelazimika kutii! Hakuna biashara inayoweza kuendeshwa kwa namna hiyo.

Naomba basi umwandikie Bibi, umfundishe kwamba amri huwa imetimizwa pale mwenye hatia anaposema ameitimiza. Jorre naye umkumbushe kushukuru.

Nisalimie makarani wote, wapishi wa kantini yenu, na mawakili wa kampuni, ambao nasikia hushinda hapo kuliko ninyi wenyewe. Shangazi anakusalimu. Mwalimu wetu wa kompyuta pia, ingawa siku hizi hasemi sana.

Wako mtiifu,
Fenne Dhondt

Tanbihi: Nilichelewa kuituma barua hii. Jumamosi nilikwenda kibandani kutazama makosa ya Jorre. Mama mmoja aliyebeba kikapu alisoma maelezo yaliyobandikwa, akasema, "Wanangu, tieni bia kidogo humo, mtanikumbuka." Wakatia. Vimekuwa vizuri kuliko vyangu, na aliyekula vingi kuliko wote ni mimi. Kwa hiyo nafuta mashtaka yote dhidi ya Bibi. Badala yake naomba mkifute kifungu kile kimoja cha leseni kabla ya Pasaka. Mkishindwa, Bibi ana nafasi Jumatano mchana, na anasema treni ya Brussels anaijua. Barua hii anaweza kuisoma, kuinakili na kuirekebisha mtu yeyote. Ukiona kosa, tafadhali lisahihishe, kisha nirudishie.