Nimekalia Daraja la Ijumbi

Hapana, siketi. Kigoda kirudisheni. Nasimama hapa hapa mlangoni, na wewe uliyeanza kubana mdomo, ngoja kwanza. Nasema mwenyewe kabla Kaijage hajapita na maneno yake. Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya Landrova!

Mnajua nawapikia watu wa daraja pale chini. Injinia wao mnamjua, yule mtoto wa Kagondo, mwembamba, kasoma mpaka kavaa miwani. Basi leo mkubwa alikuwa anatoka Bukoba kuja kuangalia kama kijana anawaweza watu wake. Asipowaweza anahamishwa, na sisi tunabaki na yale magogo mawili ya kuvukia na Salamu Maria.

Na atawawezaje? Siku hizi wote ni ndugu. Mkubwa akipaza sauti anaambiwa ana ukoloni. Kwa hiyo mtoto anaamrisha kama anayeomba chumvi kwa jirani: "Ndugu zangu... samahanini... kama hamtachukia... kokoto zile tungezisogeza?" Na Kaijage, nyapara wake, kahawa ya kutafuna shavuni, mguu juu ya jiwe: "Tutalijadili, ndugu injinia." Wanalijadili mpaka ndizi zangu zinaiva.

Leo nafika na sufuria kichwani, Kaijage ananikinga njiani. "Bibi, leo pikia kule nyuma ya migomba. Huku usisogee."

"Kwa nini?"

"Usisogee tu."

Ahaa! Juzi walinifokea eti kuku wangu wamepita mahali. Mahali gani? Hawakusema. Leo nafukuzwa mwenyewe. Mtu akikuambia usisogee tu, ana kitu.

Nikakoka moto, nikachungulia. (Kuchungulia si kusogea.) Naona nini? Mbao zimepangwa kama mtumbwi wa kukamulia ndizi za rubisi, mrefu, mpana. Wanaume wawili wamo ndani, wanakanyaga! Wanaimba! Wengine wanamimina maji. Nikasema moyoni, hawa washenzi wanatengeneza pombe kazini, siku ya mkubwa. Na mimi mpishi wao hawajaniambia hata nionje!

Mtasema labda si pombe. Subirini. Walipomaliza kukanyaga wakaweka fito juu, wakafunika kwa majani ya migomba. Wakaacha mlinzi. Mtu analinda nini chini ya majani ya migomba, nyie? Nikanusa. Hakuna harufu. Ndiyo! Rubisi siku ya kwanza hainuki.

Roho ikaniuma kwa ajili ya yule mtoto. Mkubwa akikuta mtumbwi mzima wa pombe, kijana kaisha. Nikamvuta pembeni.

"Mwanangu, watu wako wana kitu kule chini ya majani."

Akatabasamu. "Najua, bibi. Mimi ndiye niliyewaambia wafunike, jua lisipige."

Yesu Maria! Naye yumo! Na vile nilivyokuwa namuona kama malaika.

Nikawa bado nimeshika mwiko, Landrova hiyo inashuka kilima. Nikatazama huku, nikatazama kule. Hakuna anayehangaika. Wanapanga mstari kama watoto wa komunyo. Nikajua hapa anayetumia akili ni mimi peke yangu.

Nikafikiri: nani atamwinua bibi kizee alipokaa? Nikatupa mwiko, nikakimbia (ndiyo, mimi, na magoti haya), nikatandaza kanga juu ya majani, nikajiweka.

Mlinzi macho yakamtoka. "Bibi! Bibi, hapo..."

"Nyamaza, mpumbavu! Nawaokoa!"

Fito zikasema kwaa! Nikashuka. Polepole, kwa heshima, kama anayeketishwa. Chini baridi. Nikasema, rubisi gani hii nzito? Halafu kokoto zikaanza kunitafuta.

Mkubwa huyo kafika, tumbo mbele, sauti inatokea huko huko tumboni: "Shikamoo, bibi. Pumzika, pumzika. Nchi hii mmeijenga nyinyi wazee."

"Marahaba, waitu, bwana mkubwa," nikasema. Miguu inaning'inia nje ya ubao kama ya mtoto.

Akageuka. "Ndugu injinia. Nimeambiwa watu hawa hawakusikii. Tutaliona hilo. Kwanza nionyeshe zege la leo."

Injinia akanyoosha kidole.

Kidole kikanielekea mimi.

Nikajaribu kuinuka kwa adabu. Wapi! Linavuta. Nikajaribu tena, nikazama upande wa kushoto.

Hapo yule mtoto wa kuomba chumvi, sijui sauti aliificha wapi siku zote, akaunguruma: "KAIJAGE, MKONO WA KULIA! WAWILI MIGUUNI! KOLEO HAPA! MTU ASIKANYAGE NDANI! MOJA, MBILI, VUTA!"

Na wakavuta! Hakuna aliyejadili. Kaijage alitema kahawa yake yote, akaruka kama kijana. Nikatoka na mlio ambao siwezi kuutoa mbele ya watu wazima. Kanga ikabaki humo humo.

Kaijage akatazama shimo, akanitazama mimi. "Zege la juzi kuku wake, la leo yeye mwenyewe!"

Na alama yangu, jamani, ilikuwa imekaa pale yote, kushoto na kulia, haikukosa kitu. Wanaume wazima wanauma midomo. Mlinzi kageukia mtoni, mabega yanatetemeka. Mimi nimeshika gauni kwa nyuma, linawasha kama upupu, simenti inadondoka visiginoni. Nikasema, "Nilidhani ni rubisi." (Ningenyamaza tu.)

Mkubwa akavua kofia. Akaichunguza ile alama, akamtazama injinia, akanitazama mimi toka juu mpaka chini. Halafu akafungua mlango wa Landrova yake, akasema:

"Injinia abaki. Zege limwagwe upya. Bibi akaoge."