Ombi la Kuondolewa Majeshi Rafiki Katika Bweni la Manga

Bweni la Manga,
Karibu na Kebirigo.
Jumapili, 24 Juni 1979

Kwa Dada Jemimah Nyangau,
Kiranja wa Bweni la Kiabonyoru na Mkombozi wa Bweni la Manga.

Mheshimiwa Dada,

Kwa heshima, na kwa magoti yanayogongana, nakuandikia ingawa wewe unalala kitanda cha juu na mimi cha chini yake, na ningeweza tu kuligonga godoro lako nikasema. Nimejaribu mara tatu. Mdomo ulifunguka, ukapiga mwayo. Ningeandika kwa Kiingereza, lakini Kiingereza changu ni hodari wakati wa mtihani peke yake, na kwa Ekegusii ningelia. Basi naandika Kiswahili, ambacho hunifanya nionekane mtu wa ofisini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukombozi umepitisha muda. Kiranja wetu Nyaboke alitutesa mihula minne, hilo silikatai. Siku aliposogeza mpaka na kuchukua kamba yenu ya kuanikia nguo, mlikuwa na haki ya kuifuata. Mlikuja thelathini, na mifagio. Nyaboke akakimbilia chumba cha wagonjwa, ambako anaumwa mpaka leo, sijui nini. Tulishangilia. Mimi nilishangilia kimoyomoyo, lakini kwa nguvu. Ila kamba mliipata siku ile ile, Dada, na leo ni siku ya kumi na tisa mnalala kwetu.

2. Kuteuliwa kwangu. Redio ya matroni ilikuwa haina habari nyingine ila Uganda ilivyokombolewa na majeshi rafiki, nawe ukasema hata Manga lazima tupate serikali ya mpito, ya kiraia. Ukauliza, "Nani hapa hana upande?" Wote wakapiga kelele, "Mimi!" Mimi nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa na uji mdomoni, tena wa moto. Ukasema, "Huyu Kemuma ana busara." Nikawa Mwenyekiti kabla sijameza.

3. Mamlaka. Nikitangaza zamu ya kufagia, wenzangu hutazama kwanza kitanda cha juu. Amri pekee niliyoitoa kwa akili yangu ilikuwa kufungua dirisha, nanyi mkalifunga kwa sababu za usalama.

4. Hili ndilo hasa, na ningeweza kulificha ningelificha. Ijumaa ya tarehe 15 uliagiza serikali yangu ikague vitanda vyote kutafuta wafuasi wa Nyaboke. Ukanisukuma mbele mpaka kitanda cha Mong'ina. Mong'ina ni binti wa ndugu ya babu yangu. Tumezaliwa mwaka mmoja, tunakaa dawati moja, lakini kiukoo ni shangazi yangu, na kwetu mtu hagusi malazi ya shangazi yake hata nyumba ikiungua. Wewe ni wa huku huku, Dada, unajua. Nami nilijua. Nililiinua godoro kwa sababu watu kumi na sita walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa hufanya lolote ili waache.

Chini yake tulikuta ndizi mbivu mbili kwenye leso. Mama yake humletea kutoka sokoni Kebirigo, naye huweka mbili kwa ajili ya Sabato: yake na yangu. Kila Ijumaa, tangu Kidato cha Kwanza. Nilitangaza kwamba serikali imezitwaa. Ulizila wewe, Mheshimiwa, ukasema ni tamu. Mong'ina alisema polepole tu, "Haya, Mwenyekiti. Angalia na chini ya mto." Hakuniita Kemuma. Hajaniita hivyo tena, wala chochote. Anakaa dawati lile lile, ameweka vitabu vyake katikati.

5. Mnasema hamwondoki mpaka serikali yangu itawale, nayo haiwezi kutawala mkiwapo. Kwa hesabu hii tutamaliza Kidato cha Nne sote tukiwa wa mpito.

Kwa hiyo naomba majeshi rafiki yarudi kwao, nami niachishwe kazi. Huko Uganda Jumatano wamembadilisha rais wa mpito wa kwanza baada ya miezi miwili. Mimi sina haja ya miezi miwili. Naomba kupinduliwa kesho, kabla ya uji, ili saa ya kwanza ya masomo nikae na Mong'ina kama mtu wa kawaida.

Wasalimie wapiganaji wote wa Kiabonyoru, na matroni, na yule aliyevaa soksi zangu. Asihangaike kuzirudisha, zimeshatoboka.

Ni mimi, wa chini yako kwa cheo na kwa kitanda,

Kemuma Ondieki,
Mwenyekiti (kwa sasa)

Baada ya sahihi: Nilipokuwa nakunja karatasi hii Nyaboke alikuja mlangoni, peke yake, amekonda. Akasema, "Hodi, Mwenyekiti. Naomba taulo langu." Dada, Nyaboke! Aliniita Mwenyekiti, na magoti yangu yakatulia kabisa. Nikamwambia arudi Jumatatu na mashahidi wawili. Naomba barua hii ihesabiwe haijaandikwa, na mkae angalau mpaka mwisho wa muhula. Taulo amepelekewa na Mong'ina, bila idhini yangu. Itabidi tukikague tena kile kitanda chake.