Benchi la Shujaa Asiyechoka

"Umma unatangaziwa kwamba kuanzia leo ni marufuku kukaa kwenye benchi hili. Limetengwa kwa ajili ya shujaa ambaye bado hajachoka. Atakapochoka, utaratibu utatolewa. Kwa amri."

Tangazo hilo zito, lililobandikwa kwenye benchi pekee la bustani ya kumbukumbu ya wanajeshi, halikutoka wizarani. Lilitungwa jikoni, kati ya chai na kuosha vyombo, na msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo kwa babu yake. Bwenini walimwita Katibu, kwa sababu muhula uliopita tangazo lake liliwapanga wasichana arobaini foleni alfajiri, kila mmoja na mto wake, wakisubiri mito ipimwe uzito.

Mhuri aliuchonga mwenyewe kutoka kisigino cha kandambili aliyoiokota chini ya kitanda cha babu, akiamini haivaliwi tena. Alikuwa fundi, tusimnyime haki yake.

Alitarajia kicheko cha dakika tano. Alisahau kwamba bustani ina Msimamizi. Huyo alipouona mhuri wa duara, alisimama wima. Jumamosi ya pili benchi lilikuwa limezungushiwa kamba na kupewa mlinzi. Jumamosi ya tatu palikuwa na Kamati Ndogo ya Kufuatilia Uchovu wa Shujaa, ambayo wajumbe wake walikutania nyasini, maana pa kukaa hapakuwapo.

Yote hayo yangekuwa matamu kama si babu. Babu alikuwa askari mstaafu mwenye kipande cha chuma gotini, na kila Jumamosi alikuja kukaa kwenye benchi lile kuwatazama wenzake sita walioandikwa ukutani. Sasa aliwatazama amesimama, saa nzima, ameegemea fimbo.

"Babu, kaa tu bwana," Katibu alinong'ona.

"Amri ni amri, mjukuu wangu."

"Lakini hii ni ya kijinga!"

"Nilizotii zote zilikuwa hivyohivyo." Akajifuta jasho. "Ila wiki ijayo siji tena. Goti limegoma. Nimeshawaaga."

Katibu, bingwa wa "utaratibu utatolewa", akamwendea Msimamizi kando ya kamba kwa ujasiri nusu.

"Shikamoo, mzee. Lile tangazo… huenda lina kasoro?"

"Marahaba. Kasoro?" Msimamizi alivuta tai. "Binti, tangazo lile nimelitunga mimi, nikaligonga mhuri kwa mkono huu. Wakubwa wamenipongeza kwa barua."

"Kumbe ni wewe?" Babu alikuwa amechechemea hadi nyuma yao.

"Ni mimi, mzee wangu."

"Na mhuri ni wako?"

"Haujawahi kutoka kwenye droo yangu."

Babu akafungua mfuko wake, akatoa kandambili ya bluu. Kisiginoni ilikuwa na tundu la duara. Akaishusha kamba kwa fimbo, akainamia benchi, akaiweka juu ya tangazo. Tundu likauzunguka mhuri bila kubakiza nafasi, na mistari ya soli ikaungana na ile ya wino, mstari kwa mstari. Kamati ilikuwa imeieleza mistari hiyo, kwa kurasa tatu, kuwa ni nembo ya ushindi.

"Basi niambie, afande," babu alisema taratibu, "uliingia lini chumbani kwangu ukakata kandambili yangu?"

Mlinzi akageukia mti, mabega yakimtikisika. Msimamizi akatazama kandambili, akatazama tangazo, akatazama viatu vyake vilivyong'aa. Akalegeza tai. Akaketi. Benchini.

"Haya," babu alisema. "Shujaa amechoka. Sogea."

Akashuka polepole kando yake, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

Katibu alibaki amesimama, masikio yakimwaka. "Babu… ni mimi. Tangazo, mhuri, kandambili, vyote ni mimi."

"Najua. Tangu Jumamosi ya kwanza."

"Sasa mbona ulisimama wiki zote hizi?"

Babu hakugeuka. Alikuwa anawatazama wenzake sita.

"Nilitaka kujua kati ya goti langu na roho yako, kipi kitachoka kwanza."

Katibu akaangalia chini. Goti lilikuwa limevimba hadi kujaza suruali.