Mwenyekiti Hasaidiwi

Umma wa Waswahili wa kusini mwa Stockholm unaarifiwa kwamba wema uliokuwa ukitendeka kiholela, bila kibali wala uratibu, umekoma. Tangazo hilo alilisoma Mwenyekiti wa Umoja wao, Achola mwenyewe, tai shingoni, katika ukumbi wa kukodi pale Rågsved. Watu walipiga makofi marefu kwa sababu pilau ilikuwa bado haijaletwa.

Jambo lenyewe alikuwa amelifikiria kwa kina. Roho ya kujitolea, alieleza, ni tabia ya mtu kama ulivyo upole au uvivu, na tabia sharti ihakikiwe. La sivyo, Umoja utajuaje kama jirani anayekuletea supu ukiugua ana roho hiyo, au ana supu tu iliyobaki? Basi ikaundwa Kamati Teule ya Uhakiki wa Roho ya Kujitolea, na kanuni zikapitishwa. Kwanza, mtenda wema asipokee kitu, hata chai. Pili, asifurahie, maana furaha nayo ni malipo. Tatu, na hii Achola aliitunga mwenyewe akaipenda kama mwanawe, asimsaidie kiongozi, maana huko ni kujipendekeza.

Usaili ulikuwa mkali. Aristide, Mkongomani anayekaa ghorofa ya pili katika jengo la Achola kule Hagsätra, ndiye anayehamisha makochi ya watu wote wa Umoja. Aliulizwa anajisikiaje akisaidia.

"Nasikiaka muzuri sana, président," akajibu. Akafelishwa.

Mwatumu wa Tanga, anayehudumia wazee majumbani na kuishi ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo, huwaachia wenzake zamu yake ya chumba cha kufulia huku akinung'unika. Naye akaulizwa.

"Najisikia nimechoka, baba."

Huyu alikaribia kufaulu, ila ikabainika aliwahi kunywa chai kwa mtu. Aliyefaulu ni Achola peke yake, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwona akifurahia kumsaidia yeyote. Alilipokea tokeo hilo kwa unyenyekevu mkubwa, akalitangaza mara mbili.

Novemba ikaingia, na mama mkwe wa Achola naye akaja kutoka Kisumu. Achola alimpokea uwanja wa ndege, akaketi mbele kwenye teksi, mama nyuma, kama heshima inavyotaka. Kwao mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hakai karibu naye, na la kumwambia huliagiza kwa mtu mwingine. Walipofika mlangoni mwa jengo wakakuta karatasi: lifti imeharibika, kipuri kinasubiriwa.

Achola anakaa ghorofa ya sita. Magoti ya mama yalikwisha kustaafu zamani. Mama alizitazama ngazi, akaketi juu ya sanduku lake, akakunja mikono. Achola akampigia mkewe Lorraine, aliyekuwa zamu hospitalini. Lorraine alisema neno moja tu, "Usimguse," akakata simu.

Hapo Achola akaogopa kweli. Mama akilala pale chini, aibu hiyo ingefika Kisumu kabla yeye hajafika ghorofa ya sita. Akampigia Aristide. Aristide akateremka na ndala zake, akamwamkia mama vizuri, akaziangalia ngazi, kisha akamwangalia mwenyekiti kwa huruma.

"Mi niko tayari, président. Lakini wewe si kiongozi? Ile kanuni ya tatu inakataza."

"Anayesaidiwa ni mama, si mimi."

"Mkwe wa nani?" aliuliza Mwatumu, aliyekuwa akiingia kutoka kazini. "Shikamoo, mama. Mwenyekiti, mie nilifelishwa. Aliyefeli hana kibali hata cha kushika sanduku."

Achola akaitisha kikao cha dharura cha Umoja hapohapo, kwani wajumbe watatu walitosha kupitisha jambo. Ila Mwatumu akakumbusha kwamba mwenye maslahi hutoka nje jambo lake likijadiliwa. Achola akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake. Theluji ya majimaji ikamwangukia kichwani, na kupitia kioo akawaona wajumbe wakicheka na mama mkwe wake. Kikao hakikuwa na haraka.

"Kikao kimetupa vibali, lakini kimeona kanuni ya tatu ni nzuri," Mwatumu alisema walipomfungulia. "Imeandikwa vizuri, haina pa kupenya. Kwa hiyo usiwe kiongozi."

Achola alimwangalia mama mkwe wake, akatazama chini upesi, akajiuzulu.

Kiti cha jikoni kikaletwa kutoka kwa Mwatumu, mama akakalishwa, akabebwa. Aristide alifurahi waziwazi tangu ngazi ya kwanza. Mwatumu aliulaani mgongo wake ghorofa zote. Achola alifuata nyuma kwa umbali wa heshima, na masanduku. Juu akawapikia chai ya maziwa na tangawizi, wakainywa bila mtu kuulizia kanuni ya kwanza.

"Bila shaka," alisema akiwa jikoni, "kujiuzulu kule kulikuwa kwa muda."

"Rudi tu," Mwatumu akasema. "Jumapili mama atateremkaje kwenda kanisani?"

Achola akajongea mlangoni, akamnong'oneza Aristide amuulize mama, kwa adabu, amepanga kukaa mpaka lini. Aristide akauliza. Mama akaweka kikombe chini.

"Mwambieni mkwe wangu nilitaka kurudi mapema," alisema. "Lakini tangu nizaliwe sijabebwa namna hii. Jumapili kanisa, Jumatano nataka kuona hilo ziwa lenu, Ijumaa nitashuka tu nipate hewa. Asiwe na wasiwasi, sina haraka."

Achola akachukua birika, akawaongezea chai.