Chipu ya Kinanda cha Kwaya

Jumatatu, 10 Juni
Nakiri humu tu. Kwingine nitakana mpaka sauti ikauke. Kinanda cha kwaya nimekiunguza mimi! Nilikichomeka kwenye chaja ya kompyuta. Moshi, kisha kimya. Chipu moja imepasuka. Jumapili ni Kipaimara, na mwalimu wa kwaya, Mama Gertruda, ameapa aliyekigusa anatoka kwaya. Nilitazama viatu vyangu. Mpango: stoo ya parokia kuna kinanda kibovu cha aina ileile. Nahamisha chipu. Nani atajua?

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda dukani kwa Fundi Thabiti kuiba ujuzi. Nikaona aibu, nikasema naangalia makava ya simu. Cleopa, tunayesoma naye, anajifunza kazi pale likizo hii. Akauliza kwa sauti: dada, kava la simu ipi, mbona simu huna? Wateja wakacheka. Mshenzi! Lakini nimeona: fundi anapuliza chipu kwa hewa ya moto, anainyanyua kwa kibano. Kilichotangulia sikukiona. Nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Jumatano, 12 Juni
Mashine ya hewa sina. Kikaango cha bibi cha kukaangia kahawa kipo. Joto ni joto! Nikaweka bodi ya kile kinanda kibovu cha stoo. Dakika sita, lehemu inayoshika chipu ikayeyuka, ikang'aa. Kibano tayari. Ila mkono wa pili ukafanya ulichozoea tangu utotoni: ukarusha kikaango, kama vile ni buni zisiungue upande mmoja. Vipande vikang'oka VYOTE! Chipu tano nyeusi, zimechanganyika. Bibi akauliza kahawa gani hii inanuka ndala.

Ijumaa, 14 Juni
Nimempelekea Cleopa kopo la vipande pamoja na kinanda cha kwaya. Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza nilitaka ziive kiasi gani. Kisha akanionyesha akitoa ile iliyoungua: dirisha wazi, vipande jirani kavifunika kwa foili, miguu kaipaka flaksi, dawa ya kusaidia lehemu iyeyuke vizuri, anapuliza hewa ya moto akiizungusha. Akaonya: isipocheza ukiigusa, usivute, utang'oa njia za shaba za bodi. Akasoma namba za mgongoni, akaipata nzima kwenye kopo, akaibandika. Kinanda kikalia! Ameahidi kunyamaza juu ya aliyekiunguza, na kesho atakirudisha yeye.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya Misa Mama Gertruda akamsimamisha Cleopa mbele ya kwaya kwa kukitengeneza kinanda. Makofi ya kilo! Akasema mambo ya umeme yanataka vijana wa kiume. Mimi, nisiyeitika hata jina langu darasani, nikapiga kelele: chipu niliitoa mimi!
Mama Gertruda akanigeukia.
Akauliza, kwa upole wa kutisha, ilipatwa na nini hata itolewe, mwanangu.

Jumatatu, 17 Juni
Nimesimamishwa kwaya miezi mitatu. Nirudi na barua ya kuomba radhi, yenye unyenyekevu. Nimeandika, nikachana, nikaandika tena. Sasa imekaa. Inaanza hivi: Chipu zote tano nilizitoa mimi, kwa dakika sita, na hakuna iliyovunjika mguu. Cleopa alitoa moja.