Nilivyomgonga Mama Mkwe Mezani

Jumatatu, 9 Februari 2004
Mzee Siyad ameninyang'anya ufunguo wa lori! Miaka kumi na mmoja nimembebea mbuzi wake kutoka Mashuuru hadi Kitengela. Eti jana niliingia mtaroni kwa sababu ya mbio. Uongo! Niliingia kwa sababu ya kona. Mbuzi wote wazima. Mmoja tu anachechemea, naye alikuwa mvivu tangu zamani. Sasa nirudi shule ya udereva pamoja na Maundu, dereva wake wa pili, yule anayepitwa na punda. Atakayeshinda mtihani wa Alhamisi atashika usukani. Mwingine atakaa nyuma na mbuzi. Mimi, Munguti, nyuma na mbuzi!

Jumanne, 10 Februari
Darasa liko juu ya bucha. Gari hakuna. Kuna meza iliyochorwa mji mzima, na vigari vya mbao vya kusukuma kwa kidole. Vizibo vya soda ndio watu wanaovuka. Mwalimu Evalyne alisema tuvipe majina ya watu wetu, tujue tunamgonga nani. Vyangu: mke wangu Mutindi, mama mkwe Kalunde, na pasta. Nikasukuma. Kigari kikaruka raundabauti, kikatua kwenye chai ya mwalimu. Akaniuliza nilikuwa nakimbilia wapi. Maundu alicheka hadi akashika ukuta.

Jumatano, 11 Februari
Akili ni mali! Nimefika kabla ya wengine, nikapaka mafuta ya kupikia kwenye magurudumu ya kigari chekundu, kile cha Maundu. Kesho atajua hajui. Nimekula ugali kwa raha sana.

Alhamisi, 12 Februari
Mwalimu amebadilisha vigari! Eti dereva mzuri huendesha chochote. Nikapewa chekundu. Nilisukuma kidogo tu, naapa. Mutindi chini. Pasta chini. Mama mkwe tulimpata chini ya kabati. Ikabidi niandike majina ya niliowagonga, nimpelekee Mzee Siyad. Nilipofika kwa Mutindi, kalamu ikawa nzito. Niliumia moyoni, kweli. Karibu nusu saa.

Ijumaa, 13 Februari
Nyuma na mbuzi. Maundu mwendo wake ni hamsini, hata mteremkoni. Nilimtukana njia nzima. Halafu watoto wa shule wakakatiza mbele yetu ghafla. Maundu akasimama polepole, hakuna mbuzi aliyeanguka. Watoto wakatupungia mkono. Mimi nisingeweza kusimama. Naandika hili hapa tu, Maundu asijue. Nimeapa mbele ya mbuzi kumi na tisa kwamba nimebadilika.

Jumapili, 15 Februari
Mzee Siyad ana huruma! Kesho mimi na Maundu tunashindana tena. Kanisani nimetulia, nikatafakari wiki nzima, na hatimaye nimeliona kosa langu. Nilipaka kigari kimoja tu. Kesho napaka vyote viwili. Mwalimu abadilishe atakavyo, Maundu hachomoki!